Ngurumo, Mama Mkwe na Gari Lisilonguruma

Kwenye yadi ile ya magari walimwita Ngurumo, na jina lenyewe lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Alikuwa na sauti nzito iliyofika mahali kabla ya kitambi chake, na namna yake ya kuuza gari ilikuwa moja tu. Mteja akishaingia getini, Ngurumo alimshika mkono kama ndugu aliyepotea siku nyingi, akamsimamisha mbele ya boneti, akawasha injini, akamwambia, "Sikiliza." Hapo mteja alitakiwa anyamaze. Injini ilikohoa, ikatulia, kisha Ngurumo akakanyaga mafuta mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka na mhasibu kule ndani akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Umesikia moyo huo?" aliuliza. "Huo hauna presha wala sukari."

Na watu walinunua. Wapo waliokiri baadaye kwamba walinunua kwa sababu waliona haya kumkatalia mtu mwenye furaha kiasi kile.

Basi siku lori liliposhusha magari ya kwanza ya umeme, Ngurumo alilizunguka moja lao, dogo, la kijani kama embe bichi, akafungua boneti na kukuta kisanduku cha plastiki na nafasi ya kuweka mizigo. Akafunga. Akafungua tena, pengine hakuangalia vizuri.

"Injini iko wapi?"

"Iko huko chini, Mjomba, ndogo tu," alijibu bosi wake. Bosi alikuwa mwanamke kijana aliyeirithi yadi kwa baba yake, na kwa kuwa alikulia humo humo akichezea matairi, alimwita Ngurumo Mjomba. Ngurumo alimwita Bosi mbele za watu, na mwanangu akikasirika.

"Haya, liwashe nilisikie."

"Limeshawaka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unazunguka."

Ngurumo aliinamisha sikio mpaka karibu liguse bodi. Hakusikia kitu. Akainuka taratibu, akajifuta mikono ingawa haikuwa na uchafu, akasema, "Mwanangu, hili ni friji lenye magurudumu."

Lakini magari yale yalinyakuliwa. Wakati huo petroli ilikuwa imepanda bei mpaka watu wanaizungumzia kwa kunong'ona, kwenye vituo vya mafuta foleni zilizunguka kona mbili, na serikali ilikuwa imepunguza ushuru wa magari ya umeme. Wateja walikuja wenyewe, wakalipa, wakaondoka kimya kimya kama yalivyo magari yao. Ngurumo alisimama pembeni amekunja mikono, anawaangalia.

"Hawa wananunua kwa hasira," aliwaambia wenzake. "Hasira ya foleni. Ngojeni ipoe."

Ikapoa kweli. Petroli ilishuka, foleni zikaisha, ushuru ukarudi ulipokuwa, na mstari wa mauzo ambao Bosi alikuwa akiuchora kwenye ubao wa ofisini, uliokuwa umepanda kama mbuzi kwenye mwamba, ukateremka kama yule mbuzi aliyeona chui. Magari ya umeme yakabaki mstari wa nyuma yakipigwa vumbi. Paka wa yadi alizalia chini ya moja, na hakuna aliyewasumbua watoto wake, kwa sababu hakuna aliyelisogeza gari lile.

Jumatatu moja Bosi akawaita wauzaji wote ofisini. "Nambieni ukweli. Kwa nini hayanunuliki?"

Mmoja alisema bei. Mwingine akasema watu wanaogopa betri itawafia njiani. Wa tatu akasema mteja wake alitaka kujua, akichoka nalo, atamuuzia nani, naye akakosa jibu. Ngurumo alisubiri wote wamalize, akasafisha koo.

"Hayana sauti," alisema. "Mtu hawezi kupenda kitu kisichomjibu."

Bosi akamtazama. "Mjomba, umeshawahi kuliendesha?"

Mhasibu akainamisha uso kwenye chai yake.

"Basi utaondoka na lile la kijani leo. Utalitumia kama la kwako mpaka nikuambie rudisha."

Jioni ile Ngurumo alifika kwake na kusimama mbele ya geti. Kwa kawaida alikuwa anafunguliwa kabla hajafika, maana gari lake la zamani lilisikika tangu barabara kuu. Akangoja. Ndani aliwasikia wakicheka, wakigonganisha sahani, wakiendelea na maisha yao. Akangoja tena. Mwishowe akapiga honi, na mke wake akatoka mbio akidhani ni mgeni.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Na mimi."

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilikuwa kiwanda chake: vitambaa hadi dirishani, sare za shule zikining'inia kwenye kamba, na cherehani ya umeme katikati kama mwenye nyumba. Soketi iliyokuwa karibu na uani ilikuwa ya cherehani hiyo. Ngurumo akachomoa waya mmoja, akachomeka mwingine, akaenda kuoga. Aliporudi alikuta gari limechomolewa na cherehani inaunguruma.

"Nina sare za kumaliza," alisema mke wake bila kuinua macho.

"Na mimi nina kazi kesho."

"Basi vaa sare uende nayo."

Walichomoana hivyo kwa siku kadhaa, kila mmoja akinyata kwenda kwenye soketi kama mwizi wa kuku, mpaka fundi umeme alipoitwa kuvuta laini ya peke yake hadi uani. Amani ikarudi. Ngurumo alidhani shida zimeisha, kumbe alikuwa hajafikiria habari ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwao tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Mwanzoni hakutaka hata kulikaribia gari lile. "Nasikia mtu akilowa linampiga shoti," alisema, akipita mbali nalo na ndoo tupu. Siku moja, jua likiwa linachoma hata kivulini, Ngurumo akamfungulia mlango, akamkalisha nyuma, akawasha kiyoyozi. Alitaka kumfurahisha tu. Mama mkwe alikaa. Akafumba macho. Akasema, "Eeh," kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa akikiomba ujana mzima.

Kuanzia hapo alihamia humo. Kila asubuhi baada ya chai alibeba mto wake na ufumaji wake, akaketi kiti cha nyuma, akafungulia baridi na redio. Humo hamkuwa na kelele ya cherehani, hamkuwa na nzi, na mchezo wa redioni aliusikia hadi pumzi za waigizaji. Majirani walikuja kumsalimia dirishani. Baadhi waliingia. Kuna asubuhi Ngurumo aliwakuta bibi watatu kwenye kiti cha nyuma wamefunga vioo, wanamsema mtu.

Sasa mtu atamwambiaje mama mkwe, mama mzazi wa mkewe, atoke? Ngurumo, aliyeweza kumwambia mteja yeyote neno lolote, alibaki kuzunguka zunguka nje ya kioo.

"Shikamoo, mama. Hujachoka kukaa?"

"Marahaba, baba. Sijachoka. Wewe umechoka kusimama?"

"Hapana, mama."

"Haya, funga mlango basi, baridi inatoka."

Hata hivyo kuna jambo lilikuwa linamtokea, na hakumwambia mtu. Asubuhi akienda kazini alianza kusikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia garini: ndege, mwadhini wa mbali, tumbo lake mwenyewe. Siku moja alijikuta anaingia kituo cha mafuta alichozoea, kwa mazoea tu, na wahudumu walipomkimbilia akakumbuka kwamba hana pa kuyaweka. Akashusha kioo, akawasalimia mmoja mmoja, akaulizia watoto wao, akaondoka. Njia nzima alijihisi kama mtu aliyehama mtaa bila kuaga.

Ikafika Jumamosi. Bosi alipiga simu: yupo mwalimu mkuu wa shule moja na mke wake muuguzi, wanataka kujaribu gari la umeme, na yale ya yadi yamelala siku nyingi hata betri zimeisha. "Njoo na lako, Mjomba. Na uliuze."

Ngurumo alivaa shati la kazini, akatoka uani. Ndani ya gari redio ilikuwa inaimba na vioo vimeingia ukungu kwa baridi.

"Mama, naenda kazini mara moja," alisema kwa adabu yote aliyokuwa nayo.

"Twende, baba. Sijatoka siku nyingi."

Alifungua geti. Akaingia, akaendesha. Na kwa kuwa tangu ujana alizoea kuijua hali ya gari kwa kulisikiliza, hakutazama alama ya betri. Alisikiliza. Hakusikia tatizo.

Mwalimu mkuu alikuwa mrefu, amefunga tai siku ya Jumamosi, na aliuliza kila kitu kama anayesahihisha mtihani. Alikaa mbele. Mke wake alikaa nyuma pamoja na mama mkwe, ambaye Ngurumo alimtambulisha kwa haraka kama "mama yetu," neno ambalo wageni wangeweza kulielewa wapendavyo.

"Swali," alisema mwalimu mkuu walipoingia barabarani. "Likijaa chaji linakwenda umbali gani?"

"Mbali sana, mkuu. Unaenda na kurudi na unabakiza."

"Kama hujawasha baridi," alisema mama mkwe kutoka nyuma.

Ngurumo akacheka kidogo, peke yake.

"Swali. Umeme ukikatika?"

"Siku hizi haukatiki, mkuu."

"Juzi ulikatika usiku kucha, ukaenda kazini kwa miguu."

"Nilitaka mazoezi, mama."

"Ulirudi umebeba viatu mkononi, baba."

Muuguzi aligeuza uso dirishani, mabega yakimtikisika. Ngurumo alijikaza, akaamua kuonyesha nguvu za gari kwenye mlima wa kuelekea sokoni, maana hapo ndipo magari mengi huaibika. Akakanyaga. Gari likaruka kama limechomwa sindano, tai ya mwalimu mkuu ikapaa begani, na kwa kitambo kidogo mambo yakawa matamu. Kisha taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Gari likapunguza mwendo, likawa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, likasimama.

"Swali," alisema mwalimu mkuu.

"Naomba lisubiri, mkuu," alisema Ngurumo.

Hapo ndipo alipoiona alama ya betri. Tangu asubuhi mama mkwe alikuwa akila baridi na redio bila waya kuchomekwa, na kilichobaki kilimalizwa na mlima. Kando ya barabara, hatua chache juu yao, palikuwa na kibanda cha kinyozi chenye mlango wa kioo. Ngurumo akashuka kusukuma. Mwalimu mkuu akashuka kusukuma, tai ameitupia mgongoni. Muuguzi akashika usukani. Mama mkwe alishusha kioo.

"Ningewasaidia," alisema, "lakini magoti."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado ni msitu. Ngurumo aliingia anahema.

"Ndugu yangu, naomba kuchaji."

"Simu weka hapo mezani."

"Si simu."

Kinyozi alichungulia nje, akaliona gari, akamwona mwalimu mkuu ameegemea boneti anameza hewa, akamwona bibi anayefuma kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa mtu mwenye huruma, na zaidi ya hapo alikuwa mtu mwenye udadisi. Akatoa waya mrefu, wakachomeka. Taa za kibanda zikazimika, feni ikasimama, mashine ya kunyolea ikakata kauli katikati ya kisogo.

"Kinyozi!" alipiga kelele mteja. "Upande wa pili!"

Wakachomoa birika na pasi ya nywele, wakapandisha swichi, wakajaribu tena. Ikashika. Kinyozi alimalizia kichwa kile huku mwenye kichwa akiulinda ule waya kwa macho. Kuhusu gari, ilibidi wakae hapo mpaka alasiri.

Habari ilienea kwamba kwa kinyozi kuna gari linanyonyeshwa umeme. Watu wakaja. Muuza matunda, fundi viatu, mama mwenye duka la jirani, dereva wa teksi aliyeegesha ng'ambo kwa dharau na kuvuka taratibu kwa hamu. Wakamzingira Ngurumo. Mvua ikinyesha inakuwaje? Betri ikizeeka? Nikitaka kuliuza, nani atalinunua?

Ngurumo alivuta pumzi ili apige chuku zake za kila siku. Akamwona mwalimu mkuu, shati limelowa, mkunjo wa suruali umekufa, ameketi kwenye benchi la kinyozi kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Akaziacha.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo hata yeye akaishangaa, "limeniaibisha leo, na kosa ni langu, sikuangalia chaji. Nyumbani nilikaribia kugombana na mke wangu kwa ajili ya soketi. Umeme ukikatika, unatembea. Ukitaka kuliuza baada ya miaka, sijui nani atalinunua, kwa sababu watu bado hawajalizoea. Huo ndio ukweli." Akasita. "Lakini tangu nilichukue sijanunua hata tone la petroli. Sijabadilisha oili. Sijafika kwa fundi. Na mlima huu, mmeuona? Lingekuwa limekula vizuri, lingeupanda linaimba."

"Na mvua?" aliuliza muuza matunda.

"Niulize mimi!" aliita mama mkwe dirishani, na umati mzima ukahamia kwake. "Nimekaa humu mvua inanyesha mpaka ikachoka. Niangalie. Nimekufa?"

Muuguzi akamsogelea Ngurumo.

"Mimi nina swali moja tu, kaka. Nafanya zamu za usiku. Nikirudi alfajiri, gari letu likiingia uani linaamsha nyumba nzima. Mtoto wa mwisho akishaamka halali tena, na mimi silali tena. Miaka miwili sasa sijalala asubuhi. Hili likoje?"

Maisha yake yote Ngurumo alikuwa ameuza kelele. Aliwahi kuwauzia watu magari kwa sababu yaliamsha mtaa. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu anaweza kutoa fedha zake anunue kimya.

"Dada," alisema mwishowe, "mimi nikirudi nyumbani na hili, hawanifungulii geti. Hawajui kama nimefika."

Muuguzi aliangua kicheko, akafuta macho kwa kiganja. "Basi nalitaka."

"Bado tuna maswali," alisema mwalimu mkuu kutoka kwenye benchi.

"Wewe unayo, mume wangu. Mimi langu limejibiwa."

Lilinunuliwa wiki hiyo hiyo, la rangi ya maziwa. Muuguzi aliliegesha hospitalini, na wenzake wa zamu za usiku walitaka kujua kwa nini siku hizi uso wake umenawiri. Wakaja wawili, kisha wengine, na hakuna aliyeuliza habari ya kasi.

Kinyozi naye hakuwa amelala. Siku ile, kwa kusubiri, mwalimu mkuu alinyolewa. Ngurumo alinyolewa. Dereva wa teksi, ambaye hakuwa na sababu yoyote, alinyolewa. Kinyozi akagundua kwamba hakuna mteja mtulivu kama mtu ambaye gari lake limefungwa kwa waya mlangoni kwako. Akaomba laini kubwa ya umeme, akaweka soketi nje, paa la bati na benchi refu. Dereva wa teksi alipoona kuna pa kuchaji hatua chache kutoka kwenye kituo chake, akabadilisha gari. Wenzake walimcheka, wakamhesabia anavyolipita lango la kituo cha mafuta, wakaacha kumcheka, wakaja yadini.

Bosi alilitazama jambo hilo kwenye ubao wake akikuna kichwa. Mstari ulikuwa unapanda tena, na petroli haikuwa imepanda, wala ushuru haukuwa umeguswa. Wateja karibu wote walitoka mitaa miwili: wa hospitali na wa mlima wa sokoni.

"Mjomba, kuna nini huko?"

"Kuna kinyozi," alisema Ngurumo. "Na mama mkwe wangu."

Bosi alidhani ni utani, akaenda mwenyewe. Mama mkwe alikuwa kwenye lile benchi refu, maana siku hizi alidai kupelekwa huko kila Jumamosi, ufumaji mapajani, akiwajibu watu maswali ya betri kama aliyeitengeneza yeye. Bosi alikaa pembeni akasikiliza, na akiwa anasikiliza kinyozi akamshawishi. Alirudi yadini na nywele fupi zilizomkaa vizuri kupita kiasi, akaagiza benchi na paa mbele ya yadi, kisha akampigia mama mkwe simu kumpa kazi.

"Kazi?" alisema mama mkwe. "Mwanangu, mtaniambia saa ya kuingia na saa ya kutoka. Niacheni niseme ninapotaka."

Bosi akasema asante, akamgeukia Ngurumo kumkumbusha kwamba lile la kijani linatakiwa lirudi. Ngurumo alikwenda nyumbani kulichukua. Alisimama nje ya kioo. Mama mkwe alimpungia mkono kutoka ndani. Mke wake alikuwa anapakia sare za shule nyuma kwenye buti na hata mbele, kwenye ile nafasi ya mizigo chini ya boneti, kwa sababu wiki chache hizo alikuwa amejifunza kuendesha na sasa aliwapelekea wateja wake mwenyewe. Ngurumo aliwatazama wawili hao, akapiga moyo konde, akampigia Bosi simu kwamba anataka kulinunua.

Siku hizi anauza hayo zaidi ya mengine. Hamsimamishi tena mteja mbele ya boneti. Humkalisha ndani, humfungia mlango, na kumwacha humo peke yake kidogo. Akitoka, humuuliza nyumbani kwake analala nani na anaamka nani. Wiki iliyopita mteja mmoja, mtu wa bima mwenye mashaka na kila kitu, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamkazia macho.

"Na wewe mwenyewe unaendesha gani?"

"La umeme, la kijani."

Mteja akaangaza yadi nzima. "Silioni."

"Limetoka na mke wangu na mama yake," alisema Ngurumo. "Mimi nimekuja na basi."

Mtu wa bima alifikiri kidogo, akauliza kama yapo yenye viti vitatu nyuma, maana na yeye ana mama mkwe.

"Yapo," alisema Ngurumo. "Lakini ukimkalisha mara moja, ndugu yangu, usiseme sikukwambia."